Huygens: Mwanahisabati aliyejua mahali pa kusimamisha hesabu

NA MWANDISHI WETU

MJI wa Nanyuki, mwendo wa kilomita 60 hivi kaskazini mwa Nyeri, umekaa juu ya mstari wa ikweta. Penye bango linaloonyesha mstari huo, vijana huwapokea watalii kwa beseni, maji na kijiti, wakiwaeleza kwamba maji huzunguka upande mmoja kaskazini mwa mstari na upande mwingine kusini mwake.

Fizikia haikubaliani nao. Katika umbali wa hatua chache kutoka ikweta, nguvu inayotokana na mzunguko wa Dunia ni ndogo mno kuyaamuru maji ya beseni. Namna maji yalivyomiminwa huishinda nguvu hiyo kwa mbali.

Hata hivyo, kipo kifaa ambacho mzunguko wa Dunia hukigusa kweli mjini humo. Ni saa ya pendulamu, yaani saa ya kizamani inayoendeshwa na uzito unaoning'inia na kuyumba. Saa hiyo ikitolewa Uholanzi ikiwa inakwenda sawasawa, kisha itundikwe Nanyuki bila kurekebishwa, itachelewa kwa zaidi ya dakika mbili kila siku. Katika kila myumbo tofauti yake haionekani, lakini myumbo hujumlishwa na myumbo mpaka jioni kosa linakuwa wazi kwa kila mtu.

Aliyeivumbua saa ya pendulamu, na ambaye pia alikokotoa kiasi ambacho ikweta huichelewesha, ni Mholanzi Christiaan Huygens. Hakuwahi kuuona Mlima Kenya, na wala Ulaya ya zama zake haikuwa na habari za mlima huo. Lakini maisha yake yote yalikuwa mapambano na kosa dogo linalokua kimyakimya, na mapambano hayo ndiyo yanayomkabili leo kila mwanafunzi wa Nyeri, Karatina, Chuka, Embu au Meru anayeiachia tarakilishi kazi ya kumfanyia hesabu.

Huygens alizaliwa tarehe 14 Aprili, 1629, mjini The Hague, mji ambao Wakenya wengi walikuja kuufahamu kwa sababu nyingine kabisa, pale kesi zilizotokana na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipopelekwa huko. Baba yake, Constantijn Huygens, alikuwa mshairi na mwanadiplomasia aliyewatumikia watawala wa nchi. Nyumbani kwao walipita wasomi wakubwa wa Ulaya, akiwemo mwanafalsafa René Descartes.

Mama yake, Suzanna van Baerle, alifariki mwaka wa 1637, Christiaan akiwa na umri wa miaka minane. Baba aliwalea watoto kwa msaada wa jamaa na walimu wa nyumbani. Kijana huyu alifunzwa lugha, muziki na hisabati, lakini kilichompendeza zaidi kilikuwa kuunda vyombo vidogo vidogo kwa mikono yake.

Mwaka wa 1645 aliingia Chuo Kikuu cha Leiden kusomea sheria, kwani baba alitaka wanawe wawe watumishi wa dola. Huko alipata pia mafunzo ya hisabati kutoka kwa Frans van Schooten, na baadaye akaendelea na masomo mjini Breda. Sheria haikumteka. Baba, ambaye alikuwa na uwezo wa kumtunza, alimwachia mwanawe afuate kipawa chake.

Akishirikiana na kaka yake, naye akiitwa Constantijn, Huygens alijifunza kusugua vioo vya darubini. Tarehe 25 Machi, 1655, kwa darubini waliyoiunda wenyewe, aliuona mwezi unaoizunguka sayari ya Zohali. Mwezi huo leo huitwa Titan. Mwaka wa 1659 alichapisha kitabu alichoeleza kwamba umbo la ajabu lililoonekana kando ya Zohali, lililokuwa limewatatiza wanajimu tangu siku za Galileo, lilikuwa pete bapa isiyoigusa sayari yenyewe popote.

Kati ya mambo hayo mawili alifanya jambo lililobadilisha maisha ya kila siku ya watu. Saa za mitambo za wakati huo zilipotea kwa dakika nyingi kwa siku, kiasi kwamba nyingi hazikuwekewa hata mshale wa dakika. Mwishoni mwa mwaka wa 1656 Huygens aliunda saa iliyotawaliwa na pendulamu. Mwaka uliofuata fundi Salomon Coster wa The Hague alipewa hataza ya kuitengeneza. Kosa la saa lilishuka kutoka dakika hadi sekunde.

Sifa zake zilivuka mipaka. Mwaka wa 1663 aliteuliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Mwaka wa 1666 alihamia Paris kwa mwaliko wa serikali ya Mfalme Louis XIV na waziri wake Colbert, akawa mmoja wa nguzo za akademia mpya ya sayansi ya Ufaransa, mwenye mshahara mnono na makao rasmi. Miongoni mwa waliomwendea kutafuta mwongozo alikuwa kijana wa Kijerumani, Leibniz, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa waasisi wa kalkulasi.

Raha hiyo ilikuwa na gharama yake. Mwaka wa 1672 majeshi ya Louis XIV yaliivamia Uholanzi. Huygens alikuwa akila mkate wa mfalme aliyekuwa akiishambulia nchi yake, huku baba na kaka yake wakiwa upande wa pili wa vita. Alibaki Paris. Mwaka wa 1673 alitoa kitabu chake kikuu juu ya saa za pendulamu, nacho kiliwekwa wakfu kwa jina la mfalme huyo huyo.

Katika miaka hiyo ndipo habari za ikweta zilipofika. Mwanajimu Jean Richer alikuwa ametumwa Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta. Alirejea na taarifa kwamba saa ya pendulamu iliyokuwa sahihi Paris ilichelewa huko kwa dakika mbili na nusu hivi kila siku, hata ikambidi afupishe pendulamu.

Wengine walidhani Richer alikosea katika vipimo vyake. Huygens mwenyewe hakuridhika upesi. Lakini hatimaye aliona kwamba jambo hilo lilikuwa na sababu. Dunia inapozunguka, kitu kilichoko ikweta husukumwa nje zaidi kidogo kuliko kilichoko karibu na ncha, kwa hiyo uzito wake hupungua. Alikokotoa kwamba upungufu huo katika ikweta ni sehemu moja kati ya 289. Kwa saa ya pendulamu hiyo ni sawa na kuchelewa kwa takriban dakika mbili na nusu kwa siku ikilinganishwa na kwenye ncha ya Dunia.

Hesabu hiyo haikuwa ya kujifurahisha. Nahodha wa meli wa karne ya 17 aliweza kujua latitudo yake kwa kupima urefu wa jua au nyota. Longitudo ilikuwa kitendawili. Njia mojawapo ya kukitegua ilikuwa kubeba saa inayoonyesha wakati wa bandari aliyotoka, kisha kuulinganisha na wakati wa pale alipo. Dunia huzunguka digrii moja kwa kila dakika nne. Kwenye ikweta, saa iliyopotea dakika nne ilimweka nahodha kilomita 111 mbali na mahali alipokuwa kweli. Mabaharia walikuwa wakigonga miamba na kuzama kwa makosa kama hayo.

Saa za Huygens zilijaribiwa katika meli ya Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India iliyoitwa Alcmaar, iliyokwenda Rasi ya Tumaini Jema mwaka wa 1686 na kurejea mwaka wa 1687. Vipimo vya safari ya kurudi vilipochorwa kwenye ramani kama vilivyosomwa, meli ilionekana kana kwamba ilipita juu ya nchi kavu ya Ireland na Scotland. Huygens alipoingiza marekebisho ya ikweta katika kila hatua ya safari, mstari ulihama magharibi na kupita baharini, ulikopaswa kupita.

Saa hazikuwa mbovu, na mabaharia hawakuwa wazembe. Kosa lililowapandisha nchi kavu lilikuwa dogo kuliko sehemu moja kati ya mia tano, lakini lilijumlishwa siku baada ya siku kwa wiki nyingi. Safari nyingine ya majaribio, ya mwanzoni mwa miaka ya 1690, haikutoa matokeo mazuri kama hayo, na kitendawili cha longitudo kilisubiri hadi karne iliyofuata, wakati wa Mwingereza John Harrison.

Tayari wakati huo Huygens alikuwa amekwisha kurudi kwao. Afya yake ilikuwa dhaifu tangu ujana, na mara mbili alikuwa ametoka Paris kwenda kuuguzwa nyumbani. Mwaka wa 1681 aliondoka tena akiwa mgonjwa, akitarajia kurejea. Colbert alifariki mwaka wa 1683. Mwaka wa 1685 Louis XIV alifuta sheria iliyowalinda Waprotestanti wa Ufaransa, na Huygens, ambaye alikuwa Mprotestanti, hakuwa tena na mlango wa kurudia.

Alikuwa ameanza upya mjini The Hague, na katika kipindi hicho alibuni mtambo ambao ndani yake mna kiini cha makala haya. Ulikuwa mfano wa mfumo wa jua, uliotengenezwa na fundi wa saa Johannes van Ceulen mwaka wa 1682. Sayari sita zilizojulikana wakati huo zilizunguka jua kwa mwendo uliolingana na wa angani, zikiendeshwa na saa na magurudumu yenye meno.

Shida ilikuwa idadi ya meno. Chukua Zohali. Kutokana na vipimo alivyokuwa navyo, Huygens alijua kwamba katika muda mmoja, Zohali husogea sehemu 2,640,858 wakati Dunia inasogea sehemu 77,708,431. Ili mtambo uwe sahihi kabisa, gurudumu moja lingehitaji meno 77,708,431. Hata kama kila jino lingechukua milimita moja tu, mzingo wa gurudumu hilo ungekuwa zaidi ya kilomita 77, mrefu kuliko barabara ya kutoka Nyeri hadi Nanyuki.

Kwa hiyo alihitaji namba mbili ndogo ambazo uwiano wao unakaribia uwiano huo mkubwa kadiri iwezekanavyo. Hakubahatisha. Alitumia njia ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita akisami mfululizo, yaani akisami iliyo ndani ya akisami nyingine, iliyo ndani ya nyingine tena.

Njia yenyewe ni nyepesi kueleza. Gawanya namba kubwa kwa ndogo, uandike namba nzima inayopatikana. Kisha chukua ile ndogo uigawanye kwa baki. Andika tena namba nzima, halafu gawanya baki la kwanza kwa baki la pili, na kuendelea. Kwa Zohali, Huygens alipata 29, kisha 2, 2, 1, 5, 1, 4, na mfululizo ukaendelea.

Ukikatiza mfululizo huo mahali popote na kuukunja tena kuwa akisami moja, unapata makadirio bora. Ukikatiza mwanzoni kabisa unapata 29. Hatua inayofuata inakupa 59 kwa 2, halafu 147 kwa 5, na ya nne ni 206 kwa 7. Hapo Huygens alisimama. Gurudumu la meno 206 likiendeshwa na kigurudumu cha meno 7 liliibeba Zohali kwa kosa dogo kuliko sehemu moja ya sita ya digrii katika miaka 100.

Kila aliyesoma shule ya msingi nchini amekutana na tunda la njia hii bila kujua. Ile 22 kwa 7 ambayo walimu hutufunza kuitumia mahali pa pai, tunapotafuta mzingo wa duara, ni akisami mfululizo ya pai iliyokatizwa katika hatua ya pili. Ikikatizwa katika hatua ya nne inatoa 355 kwa 113, ambayo ni sahihi hadi tarakimu sita baada ya nukta.

Je, kwa nini Huygens hakuendelea? Hatua ya tano ingempa 1177 kwa 40, makadirio bora zaidi. Sababu moja ni ya fundi: meno 1177 ni mengi mno kwa gurudumu moja. Lakini ipo sababu nyingine, nayo ndiyo inayompa Huygens nafasi katika zama hizi za tarakilishi. Vipimo vya angani vilivyozaa zile namba mbili kubwa vilikuwa na kosa lake. Tarakimu za mwisho hazikuwa na uhakika. Namba za mwanzo katika mfululizo hutoka kwenye tarakimu za kuaminika, lakini kadiri unavyokwenda mbali ndivyo namba zinavyotoka kwenye zile tarakimu za mwisho, na hatimaye unakuwa huipimi tena Zohali bali unalipima kosa la aliyeitazama.

Jambo hili linaweza kuthibitishwa kwa kalamu na karatasi. Akisami mfululizo ya pai huanza na 3, 7, 15, 1, 292. Sasa chukua pai kama inavyoandikwa mara nyingi, 3.1416, ufanye hesabu ile ile. Utapata 3, 7, 16, 11, kisha mfululizo unakwisha. Namba ya tatu tayari ni ya uongo. Ukiongeza tarakimu moja na kutumia 3.14159, utapata 3, 7, 15, 1, halafu 25 mahali pa 292.

Kinachofanyika ni hiki. Katika kila hatua unageuza baki juu chini, na kugeuza huko hulizidisha kosa. Baki likiwa dogo, kosa huzidishwa mara nyingi zaidi. Kwa pai, hatua mbili za kwanza peke yake huzidisha kosa la awali kwa zaidi ya mara 12,000. Kufikia pale inapopatikana ile 292, kosa limekwisha kuzidishwa zaidi ya mara bilioni moja.

Tarakilishi haiponi ugonjwa huu. Huuahirisha tu. Programu nyingi za hisabati, zisipoagizwa vinginevyo, huhifadhi namba kwa tarakimu 16 hivi. Ukiiagiza programu kama hiyo ikupe akisami mfululizo ya pai, namba 13 za kwanza hutoka sahihi. Ya 14, ambayo inapaswa kuwa 2, hutoka ikiwa namba nyingine, na zote zinazofuata hazina uhusiano na pai.

Hatari ni kwamba kioo hakibadiliki rangi. Hakuna kengele inayolia. Namba ya 14 huandikwa kwa maandishi yale yale safi kama ya 13, na mwanafunzi asiyejua huinakili kwenye daftari kama ukweli.

Kwamba kosa la namna hii linaweza kuua, ulimwengu ulishuhudia tarehe 25 Februari, 1991, mjini Dhahran, Saudi Arabia, wakati wa vita vya Ghuba. Mtambo wa Kimarekani wa Patriot, uliowekwa kuzuia makombora, ulihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde. Moja ya kumi haiwezi kuandikwa kikamilifu katika namba za tarakilishi, kama vile moja ya tatu isivyoweza kuandikwa kikamilifu kwa desimali. Ilikatwa. Kosa la kila mpigo halikufikia hata sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde.

Mtambo ulikuwa umewaka kwa saa 100 mfululizo. Kosa lilikuwa limefika thuluthi moja ya sekunde, muda ambao kombora husafiri zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulitazama mahali pasipo na kitu, na kombora liliangukia kambi na kuwaua wanajeshi 28. Ilikuwa ni saa ya meli ya Alcmaar kwa mara nyingine, ila safari hii hapakuwa na mtu wa kuurekebisha mstari kwenye ramani.

Dawa ya tatizo hili inapatikana katika mwenendo wa Huygens mwenyewe. Kwanza, alifanya hesabu zake kwa namba nzima, hakuzigeuza kuwa desimali zilizokatwa. Kwa hiyo, ingawa vipimo vilikuwa na kosa, hesabu yenyewe haikuongeza lingine juu yake. Programu nzuri za leo zinaweza kufanya vivyo hivyo, mradi mtumiaji aziagize.

Pili, alijua mahali pa kukomea. Njia rahisi ya kupajua mahali hapo ni kufanya hesabu mara mbili, kwa kiwango cha chini na kwa kiwango cha juu. Tunajua pai iko kati ya 3.1415 na 3.1416. Namba ya kwanza inatoa 3, 7, 14. Ya pili inatoa 3, 7, 16. Zote mbili zinakubaliana juu ya 3 na 7, kisha zinaachana. Basi tuchukue 3 na 7, ambazo zinatupa 22 kwa 7, na tuiache ya tatu. Ipo programu iitwayo PARI, iliyoanzishwa mjini Bordeaux, Ufaransa, ambayo husimama yenyewe pale usahihi wa namba iliyopewa unapokwisha.

Tatu, ni kuuliza kabla ya kuanza. Mwanahisabati Gustav Lochs alionyesha mwaka wa 1964 kwamba, kwa karibu namba zote, tarakimu moja ya desimali hununua takriban namba moja ya akisami mfululizo. Anayetaka namba 100 za mfululizo na aje na tarakimu zaidi ya 100. Asiyekuwa nazo asidai mavuno ambayo hakuyapanda.

Mafunzo haya yana uzito wake katika miji inayouzunguka mlima. Chuo cha Nyeri kilichoanza mwaka wa 1972 kama taasisi ya teknolojia yenye jina la Kimathi kilipandishwa hadhi mwaka wa 2012 kuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Karatina, Chuka na Meru vilifuata mwaka wa 2013, kisha Embu na Kirinyaga mwaka wa 2016. Katika kipindi cha miaka michache eneo ambalo vijana wake walilazimika kwenda mbali kutafuta elimu ya juu lilipata vyuo vikuu sita. Wahandisi wanaotoka humo watapima barabara, mabwawa na mitambo ya umeme kwa programu ambazo hazitawaambia zilipokosea.

Mwaka wa 1690 Huygens alichapisha kitabu chake juu ya mwanga, alimoeleza kwamba mwanga husafiri kama mawimbi. Pamoja nacho alitoa maandishi juu ya sababu ya uzito, ambamo alieleza pia habari za saa na ikweta. Baba yake alikuwa amefariki mwaka wa 1687. Kaka yake alikuwa ameandamana na William wa Orange hadi Uingereza. Christiaan, ambaye hakuwahi kuoa, alibaki akiishi kwa upweke, akisumbuliwa na maradhi na huzuni za mara kwa mara.

Alifariki mjini The Hague tarehe 8 Julai, 1695, akiwa na umri wa miaka 66. Aliacha wosia kwamba karatasi zake zikabidhiwe Chuo Kikuu cha Leiden. Maelezo ya mtambo wake wa sayari, pamoja na hesabu ya ile 206 kwa 7, yalichapishwa mwaka wa 1703, miaka minane baada ya kifo chake.

Tarehe 14 Januari, 2005, chombo cha anga kilichopewa jina la Huygens kilitua juu ya Titan, ule mwezi wa Zohali aliouona kwa darubini ya kujiundia miaka 350 kabla. Mtambo wake wa sayari umehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Boerhaave, mjini Leiden, na ndani yake lipo gurudumu la Zohali lenye meno 206.